Kinachosogea na Kinachongoja: Historia ya Mbinu za Kuchunguza Mwendo, Mijeledi na Endospora za Bakteria

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mbinu za maabara zilizobuniwa ili kuchunguza mambo matatu ya bakteria: mwendo, mijeledi na endospora. Inaonyesha kwamba kila mbinu ilizaliwa na swali au ubishi mahususi, na kwamba kila moja ina namna yake ya kumpotosha mchunguzi. Kwa kurejelea ugonjwa wa kimeta, makala inatetea hoja kwamba mbinu hizi kongwe zingali na nafasi katika maabara za Afrika Mashariki, mradi zifundishwe pamoja na mipaka yake na kwa istilahi za Kiswahili zisizopotosha.

1.0 Utangulizi

Ng'ombe akifa ghafla, na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani, mtaalamu wa mifugo hukabiliwa na uamuzi usiosubiri. Ikiwa ni kimeta, mzoga haupaswi kupasuliwa. Hewa ikiwafikia bakteria waliomo ndani, wataunda endospora, nazo huweza kukaa udongoni kwa miaka mingi zikingoja mnyama mwingine. Ikiwa si kimeta, mfugaji ataathirika bure kwa tahadhari zisizohitajika.

Sampuli ikifika katika maabara yenye usalama wa kutosha wa kuotesha vimelea, maswali mawili ya kale huulizwa tena. Je, bakteria huyu anasogea? Je, anaunda endospora? Bacillus anthracis, asababishaye kimeta, huunda endospora lakini hasogei. Jamaa yake wa karibu Bacillus cereus, apatikanaye udongoni na hata katika kiporo cha wali, huunda endospora na kwa kawaida husogea. Majibu ya maswali hayo hayatoshi kumtambua bakteria, ila bila hayo utambuzi hupoteza moja ya nguzo zake. Makala hii inauliza jinsi maswali hayo yalivyopata njia za kujibiwa, na kwa nini historia hiyo inawahusu wanaopanga sera za maabara leo.

2.0 Mwendo: kutoka Delft hadi tone linaloning'inia

Mwaka 1676 Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, aliiandikia Royal Society ya London kuhusu viumbe wadogo mno aliowaona katika maji yaliyolowekwa pilipili manga. Mwaka 1683 aliandika tena kuhusu wale aliowakuta katika utando wa meno yake, akawapambanua kwa kasi na namna ya mwendo wao. Kwa mtu aliyekuwa na lenzi moja tu, mwendo ulikuwa ushahidi mkubwa kwamba vitu hivyo vilikuwa hai.

Ushahidi huo ulikuja kutiliwa shaka. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, aliona chembe ndogo zilizotoka katika chavua zikitikisika majini bila kukoma. Alipojaribu vumbi la vitu visivyo na uhai, nalo lilitikisika vilevile. Tangu hapo kila mchunguzi wa mwendo amewajibika kutenganisha mambo matatu: kutikisika papo hapo, kuchukuliwa na mkondo wa maji, na kusogea kwa nguvu ya bakteria mwenyewe. Kanuni inayofundishwa mpaka leo ni rahisi: bakteria wakielekea upande mmoja wote kwa pamoja, mkondo unawachukua, wakipishana na kugeuka kila mmoja kwa njia yake, wanasogea.

Robert Koch, daktari wa wilaya katika mji wa Wöllstein, ambao leo ni Wolsztyn nchini Poland, aliifanya kanuni hiyo iweze kutumika. Katika utafiti wake wa kimeta uliochapishwa mwaka 1876, alitumia tone la majimaji ya jicho la ng'ombe. Tone liliwekwa chini ya kioo chembamba juu ya slaidi yenye kishimo, kingo zikazibwa ili lisikauke, kisha likatunzwa katika joto. Bakteria waliweza kutazamwa kwa saa nyingi wakiwa hai. Casimir Davaine wa Ufaransa alikuwa tayari ameona kuwa vijiti vya kimeta havisogei. Koch aliongeza jambo zito zaidi: aliviona vikirefuka kuwa nyuzi, nyuzi zikijaa chembe zinazong'aa, na chembe hizo zikirudi kuwa vijiti.

3.0 Endospora: ubishi wa nyasi kavu

Chembe hizo zilikuwa pia jibu la ubishi mwingine. Katika miaka ya 1860 Louis Pasteur alidai kwamba mchuzi uliochemshwa na kukingwa dhidi ya vumbi haufanyi viumbe vipya. Félix Pouchet, aliyetumia maji ya nyasi kavu, alipata viumbe baada ya kuchemsha. Wote wawili waliripoti walichokiona. Tofauti ilikuwa katika nyasi.

Mwaka 1876 Ferdinand Cohn, profesa wa Breslau, ambao leo ni Wrocław, alionyesha kwamba bakteria wa nyasi kavu, Bacillus subtilis, huunda ndani ya mwili wake chembe inayostahimili mchemko. Mwaka uliofuata John Tyndall wa London alitoa njia ya kuishinda: kuchemsha, kusubiri chembe zichipue ziwe bakteria wa kawaida, kisha kuchemsha tena, kwa siku kadhaa. Mwaka 1879 Charles Chamberland, mwenzake Pasteur, alitengeneza chombo cha mvuke wenye shinikizo. Kipimo cha leo cha nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15 ni mrithi wa ubishi huo, na ndiyo sababu kituo cha afya kinachochemsha vifaa vya upasuaji katika sufuria ya kawaida hakijavitakasa.

Ustahimilivu huo uligeuzwa kuwa chombo cha utafiti. Mwaka 1889 Kitasato Shibasaburō, akiwa katika maabara ya Koch mjini Berlin, aliupasha moto hadi nyuzi 80 mchanganyiko wa bakteria wenye vimelea vya pepopunda. Bakteria wengine wakafa, endospora zikabaki, naye akaviotesha vimelea hivyo peke yake pasipo hewa ya oksijeni.

Kuziona kwa hakika kulihitaji rangi, na ganda la endospora huikataa rangi. Njia iliyoenea zaidi ni ile ya Alice Schaeffer na MacDonald Fulton ya mwaka 1933. Rangi ya kijani ya malakaiti hupenyezwa kwa mvuke, slaidi huoshwa kwa maji, kisha rangi nyekundu ya safranini hupakwa. Endospora hubaki kijani ndani ya mwili mwekundu. Kabla ya hapo, mchunguzi aliyetegemea mng'ao peke yake aliweza kudhani kitone cha mafuta ni endospora.

4.0 Mijeledi: kuona kisichoonekana

Mjeledi wa bakteria, yaani flajela, una unene wa takriban nanomita 20, ilhali hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo karibu kuliko takriban nanomita 200. Koch alichapisha picha za mijeledi mwaka 1877, lakini njia ya kuaminika ilitolewa na Friedrich Loeffler mwaka 1889. Alipaka kwanza tanini pamoja na chumvi ya chuma, dawa inayoshikamana na mjeledi na kuunenepesha, ndipo akatia rangi. Hivyo tunachokiona ni mjeledi uliovikwa koti. Mbinu hii ni ngumu: utamaduni wa bakteria uwe mchanga, kioo kiwe safi kabisa, na mkono uwe mwepesi, kwani mijeledi hukatika. Slaidi isiyo na mijeledi inaweza kumshuhudia fundi badala ya bakteria.

Ndiyo maana njia za mzunguko zilithaminiwa. Mwaka 1936 Tittsler na Sandholzer walipendekeza agari laini, iliyo nyepesi kiasi cha kumruhusu bakteria kuogelea. Sindano huchomwa katikati ya neli. Wasiosogea huota kwenye mstari wa sindano tu, wanaosogea hutia ukungu pembeni. Nayo ina mtego wake: Listeria monocytogenes husogea vizuri katika joto la chumba na kwa shida katika nyuzi 37. Jibu hutegemea joto lililochaguliwa na mpimaji.

Urahisi wa chombo haukuzuia uvumbuzi mkubwa. Mwaka 1974 Michael Silverman na Melvin Simon walinasa mijeledi kwenye kioo kwa kingamwili, wakaona mwili wa bakteria ukizunguka. Hivyo ilithibitika kuwa mjeledi huzunguka kama rafadha, wala haupigi kama mkia.

5.0 Mafunzo kwa kanda yetu

Hadubini ilifika katika kanda hii pamoja na dola za kikoloni. Koch mwenyewe alifanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, na mwaka 1906 na 1907 aliongoza uchunguzi wa malale katika Visiwa vya Sese, ambako dawa ya atoxyl iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Ustadi wa kuona haukuwa dhamana ya ustadi wa kutibu.

Kimeta hakijaondoka. Mwaka 2004 na 2005 kiliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda. Chanjo ya mifugo inayotumika kwa upana, iliyobuniwa na Max Sterne huko Onderstepoort, Afrika Kusini, katika miaka ya 1930, ni endospora hai za aina iliyodhoofishwa. Kipimo cha Widal cha mwaka 1896, kinachogundua kingamwili dhidi ya bakteria wa homa ya matumbo, zikiwamo zile zinazolenga mijeledi yao, kingali kinatumika katika vituo vyetu, na udhaifu wake wa kutoa majibu ya uongo unajulikana. Anayekitumia bila kujua kinapima nini hana njia ya kukitilia shaka.

Lipo pia suala la istilahi. Baadhi ya walimu huita endospora "mbegu". Neno hilo ni tamu lakini linapotosha, kwani mbegu huzidisha, na bakteria mmoja huunda endospora moja tu. Endospora ni kinga, si uzazi. Kinyume chake, "mjeledi" linafaa, kwa kuwa neno la Kilatini lenyewe lina maana hiyo, ingawa mwalimu aongeze kwamba mjeledi huu huzunguka.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kila jibu la maabara ni zao la kiumbe, chombo na mkono wa mtu. Makala inapendekeza mambo matatu. Mitaala ya mafundi wa maabara ibakize tone linaloning'inia, agari laini na rangi ya endospora hata pale vipimo vya vinasaba vinapopatikana. Kila mbinu ifundishwe pamoja na mitego yake. Na sampuli zinazoshukiwa kuwa na kimeta zisioteshwe katika maabara zisizo na kinga stahiki. Huko ithibati iishie kwenye kipimo cha damu kwenye slaidi, na sampuli ipelekwe mbele. Vipimo vipya vitakuja na vitapita, ila fundi aliyezoeshwa kuuliza kama kitu kinasogea au kinatikisika tu atavikabili vyote kwa jicho lilelile.