Kivumbasi na Mrehani

Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, alikuta ua dogo la zambarau katika nchi ya Usambara, akalipeleka kwa babaye Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la ukoo wa mtawala huyo: Saintpaulia. Ua lile likaenea madirishani kote Ulaya. Hatulionei wivu. Twauliza tu kwa nini mmea mwingine wa pwani hiyo hiyo, uliowafaa watu kwa vizazi vingi, haukupata wa kuusimulia.

Mmea huo ni kivumbasi. Huota wenyewe kando ya njia na katika makonde yaliyoachwa, tangu Moa hadi Pangani, na ndani hadi Muheza. Nduguye wa nyumbani ni mrehani. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi udugu wao bila ya kitabu: shina lina pembe nne, majani hutoka mawili mawili yakielekeana, na ua lina midomo miwili. Wataalamu huwaita wote Ocimum.

Jina la mrehani limetoka katika Kiarabu, na neno hilo limo katika Kurani, Sura ya Ar-Rahman na ya Al-Waqia. Wenyeji wa pwani wakalipa kiambishi chao na mmea wakaupa kazi zao. Majani yake hufungwa pamoja na asumini na mkadi kuwa kikuba, pambo la harusi linalonukia hata baada ya ngoma kwisha. Huwekwa pia makaburini. Mmea mmoja, basi, humshindikiza mtu katika furaha na katika msiba. Na washairi, ambao hawakosi kunusa penye harufu, wameutumia sana kumsifia mpenzi.

Kivumbasi hakikuitwa harusini. Kazi yake ni ya jioni: hutiwa motoni ili moshi ufukuze mbu, na majani yake huchemshwa mgonjwa wa mafua akajifukiza. Hapo ndipo wakoloni walipokosa macho. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliuleta mkonge; kati ya miche 1,000 ilinusurika 62 tu, nayo ikawa mama wa mashamba makubwa ya Tanga. Ndani ya mashamba hayo kila kilichoota baina ya safu kiliitwa magugu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha uchunguzi wa mimea, na hamu yao kubwa ilikuwa mazao ya kuuza ng'ambo.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili, na mwaka 1981 ulichapishwa uchunguzi wa mafuta ya kivumbasi cha Tanzania. Ilionekana kuwa yana kwa wingi kitu kile kile kinachoipa karafuu harufu yake. Bibi zetu walikuwa hawajui jina la kitu hicho. Mbu walikimbia vivyo hivyo.

Ukulima wake si mgumu, ila una adabu zake. Mbegu ni ndogo mno, hivyo hazifukiwi. Hunyunyizwa juu ya udongo laini mvua zinapoanza, hata katika debe bovu uani. Za mrehani zikilowa huvimba na kufanya utelezi. Mche ukipata kimo cha shibiri hukatwa kilele ili utoe matawi. Mashada ya maua nayo huchumwa mapema, maana mmea ukiisha kuzaa, majani hupungua na kukakamaa. Shina moja tu huachwa likamilike kwa ajili ya nyuki na mbegu. Mashada yakikauka husuguliwa viganjani, yakapepetwa, na mbegu zikatiwa katika kitambaa. Kazi hii aghalabu ni ya wanawake, na jirani akiomba mbegu hupewa bure.