Malazi ya Kando ya Ziwa Kivu, Upande wa Rusizi

Kwa Kinyarwanda, gucumbika ni kulala ugenini, na mahali pa kulala huitwa icumbi. Neno hilo ni kongwe kuliko hoteli zote za Kivu. Zamani msafiri aliyezidiwa na giza aliomba hifadhi kwenye boma lililo karibu. Ziwa lenyewe lilikuwa la kuteka maji, kuvua samaki na kuvuka kwa mtumbwi kwenda visiwa vya Nkombo au Idjwi. Kwenda kulala kando yake kwa ajili ya kuogelea tu ni desturi iliyokuja baadaye.

Maji ya Kivu yanaifaa desturi hiyo. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na halina mamba wala viboko. Mto Rusizi, unaotoka humo kati ya Bukavu na Cyangugu, una wanyama hao wote wawili unapokaribia Ziwa Tanganyika jirani na Bujumbura. Hatari ya Kivu ni nyingine. Kingo zake huteremka ghafla, na hatua chache kutoka ufukweni mtu huweza kukosa pa kukanyaga. Gesi ya methani na hewa ya ukaa zimejaa vilindini, mbali chini ya mwogeleaji, ila upande wa kaskazini, karibu na Goma, hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama mabondeni. Wenyeji huiita mazuku, nayo huua.

Mzungu wa kwanza kuandika kuwa ameliona ziwa hili alikuwa Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894. Baada yake alikuja daktari Richard Kandt, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile. Alijenga makazi yake Shangi, juu ya ghuba za kusini, akayaita Bergfrieden, yaani amani ya mlimani. Huyo ndiye aliyeanzisha Kigali mwaka 1907. Wabelgiji walipoitwaa Rwanda mwaka 1916 walileta nyumba za kupumzikia za serikali, zilizoitwa gîte, kwa maofisa waliokuwa safarini. Bukavu, ng'ambo ya mto, ukawa mji wa mapumziko wa walowezi, na nyumba zao zikafuata rasi zilizoingia ziwani kama vidole. Mwananchi alifika kwenye fukwe hizo kama mpishi au dobi.

Nyumba zilizomfungulia mtu wa kawaida mlango zilikuwa hasa za makanisa. Wamisionari Wakatoliki walifika Mibirizi mwaka 1903, na popote misheni ilipokua vilihitajika vyumba vya mapadri, walimu na wageni wa semina. Vyumba hivyo vikaja kupangishwa. Kwa njia hiyo mji wa Kibuye ukapata Home Saint Jean ya Wakatoliki na Béthanie ya Wapresbiteri, na mji wa Kamembe, ulioko Rusizi, ukapata Peace Guest House ya Waanglikana. Chumba cha nyumba kama hizi kwa kawaida ni kitanda, chandarua, meza na msalaba ukutani. Jioni wavuvi husikika wakitoka kuvua sambaza, dagaa walioletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Huenda na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakipiga makasia kwa kufuata wimbo.

Historia ya nyumba hizi haiwezi kuandikwa bila mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Tarehe 17 Aprili, maelfu ya Watutsi waliokimbilia kanisa la Kibuye na Home Saint Jean waliuawa humo. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 1999 Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye. Home Saint Jean inapokea wageni tena, na kumbukumbu ya wafu iko pale kanisani. Mgeni anayelala hapo anawiwa nao kituo kidogo cha kunyamaza kabla ya kushuka majini.

Barabara ndizo zilizorudisha wasafiri. Lami sasa inafuata ziwa kutoka Rubavu kupitia Karongi, iliko Kibuye, hadi Rusizi, na kuna njia ya miguu na baiskeli ya kilomita 227 kati ya Rubavu na Rusizi. Bweyeye ilichelewa zaidi. Tarafa hiyo iko mpakani na Burundi, nyuma ya msitu wa Nyungwe, na ingawa ni ya wilaya ya Rusizi, ziwa lilikuwa mbali nayo kama nchi ya wengine. Barabara yake ya udongo kwenda Pindura, kilomita 32, iligeuka tope kila masika. Sasa ina lami. Anayetoka Bweyeye hupanda hadi Pindura, hushika barabara kuu ya Kamembe, na hukuta malazi ya kila kiwango, kuanzia vyumba vya kanisa hadi hoteli zenye ufukwe wake. Kwa mwenye kipato kidogo, nyumba za kanisa ndizo za kuulizia kwanza, na kabla ya kuingia majini amuulize mwenyeji kilindi kinaanzia wapi.