Kete 64, ngazi mbili: jinsi bao linavyopanga ugumu

Umewahi kufundishwa bao ukakata tamaa siku hiyohiyo? Pengine tatizo si kichwa chako. Ulianzishiwa ngazi isiyo yako.

Mwaka 1974 Dungeons & Dragons ilitoka Marekani, ikaeneza michezo ya kampeni: unaanza na adui dhaifu, ugumu unapanda kadiri unavyokomaa. Sasa hebu turudi nyumbani. Bariadi, Wasukuma wana isolo, ndugu wa bao la pwani. Na bao lina ngazi zake.

Kwenye bao la kujifunza, mashimo yote 32 yanawekwa kete mbili mbili, mnaanza kulana. Kila kitu kiko wazi. Kwenye bao la kiswahili, ubao ni uleule na kete ni zilezile, ila kila mmoja anapanga 10 tu: sita kwenye nyumba, nne kwenye mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki, 22, ziko mkononi. Unaziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha, mnaingia mtaji. Nyumba nayo ina sheria zake.

Umeona? Hakuna kete iliyoongezwa. Kilichoongezwa ni maamuzi, na mabingwa wa Zanzibar wanayamudu kiasi kwamba Alex de Voogt aliwaandikia tasnifu huko Leiden, 1995.

Kwa hiyo mdogo wako akitaka kujifunza, usimwanzishie namua ili umcheke. Atasusa, na mchezo utakosa mrithi. Mpe mbili mbili kwanza. Zile 22 zitamsubiri.