LUGHA YA SHAMBANI ILITOKA WAPI?

Leo tutaweka mbegu na jembe kando kidogo tuangalie chombo kingine cha kazi, nacho ni maneno. Haya maneno tunayopeana shambani yana historia yake, na neno likieleweka vibaya linaweza kuleta hasara, hata msiba.

Tangu zamani kila kabila lililima kwa lugha yake. Wasukuma, kwa mfano, walikwisha kuugawa udongo wao kwa majina kama luseni, isanga na itogolo, na kila jina lilimwambia mtu zao gani lipandwe wapi. Bwana shamba aliyefika na neno moja tu, “udongo”, alikuwa nyuma ya wenyeji wake.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Faida yake ilikuwa kubwa, maana kijitabu kimoja kingeweza kusomwa Tanga na Kigoma. Lakini maandishi ni kitu kimoja na ulimi ni kingine. Lugha nyingi za bara hazina sauti za “dh”, “th” na “gh”. Nyingine hazitenganishi “l” na “r”, basi mtu husema “mborea” naye anataka mbolea ile ile.

Redio ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, ikaleta jambo jipya. Bwana shamba akisimama mbele ya watu huona nyuso zao. Wakikunja uso, hurudia kwa maneno mengine. Mtangazaji hamwoni mtu. Ndiyo maana katika vipindi vya wakulima sentensi huwa fupi, sauti huenda polepole, na tarakimu hurudiwa, kwa sababu “nne” na “nane” hupotezana haraka redio ikikoroma.

Njia nyingine ilikuwa vikundi vya kusikiliza. Katika kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai mwaka 1975, watu walikaa pamoja, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakazungumza wakiongozwa na mwenzao. Hapo ndipo maneno ya Dar es Salaam yalipogeuzwa yakawa maneno ya kijiji. Redio ilisema, kikundi kikatafuna.

Sasa tazameni vipimo. Kitaalamu tunasema gramu 5 za mbolea kwa shimo. Nani ana mizani ya gramu shambani? Basi tukasema kizibo kimoja cha soda. Sentimita 75 kati ya mistari ya mahindi zikawa fundo kwenye kamba. Hapo mtaalamu ndiye aliyesogea kumfuata mkulima, na kazi ikaenda.

Lakini kusogea nako kuna hatari. Mbolea za viwandani tuliziita “mbolea ya chumvichumvi”, maana punje zake hufanana na chumvi. Mkulima naye anajua kwamba udongo wenye chumvi nyingi hauoteshi vizuri. Jina lenyewe laweza kumtia shaka kabla hajajaribu.

Neno lenye hatari kubwa zaidi ni “dawa”. Sumu ya kuua wadudu wa pamba na mboga tuliiita dawa, kwa kuwa neno hilo kila mtu analijua na zao lenye wadudu ni kama mgonjwa. Lilifungua mlango upesi. Lakini dawa ni kitu cha kuponya! Mama akisikia dawa, ataogopa nini kuiweka jikoni? Chupa yake ikiisha, kwa nini isitiwe mafuta ya taa, au hata ya kula? Ndugu zangu, hapo neno jema limeficha sumu.

Wataalamu wakatumia neno “viuatilifu”. Taasisi ya kuvitafiti iliundwa Arusha kwa sheria ya mwaka 1979, na sheria ya mwaka 2020 ikaleta Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Neno ni sahihi, ila ukilisema peke yake kijijini, wengi watakutazama tu. Kwa hiyo bwana shamba mwenye busara husema yote matatu kwa pamoja: “Kiuatilifu, yaani ile mnayoiita dawa, nayo ni sumu.” Anaanza na la serikali, anapita kwa la kijiji, anamalizia na la kuokoa maisha.

Jambo moja la mwisho. Kusogea kwa msikilizaji siyo kumwigiza. Mtaalamu akijifanya kutamka “mborea” ili apendwe, watu watajua anawacheka. Atamke kama kawaida yake, aseme taratibu, na asimsahihishe mzee matamshi mbele ya watu. Maana ikifika, imetosha.

Nanyi wakulima mna sehemu yenu. Mkishaambiwa kipimo, mrudishieni bwana shamba kwa maneno yenu wenyewe: “Yaani kizibo kimoja kila shimo, siyo viwili?” Kama mmepishana, mtajua hapo hapo, kabla mbegu haijaungua. Kuuliza si ujinga.