Baa ya kokteli ya mtindo wa zamani ni nini?

Huku Iyula, ukisema kilabu, tunafikiria komoni na mabenchi ya mbao. Mijini siku hizi zipo baa za namna nyingine: taa hafifu, muziki wa santuri, wahudumu waliovaa vizibao, na vinywaji vinavyoitwa kokteli. Baadhi huuza na vitafunwa vya Kichina, kama vile nyama iliyofungwa ndani ya unga na kupikwa kwa mvuke. (Asiyekula nguruwe aulize kwanza.)

Kokteli ni pombe kali iliyochanganywa na vitu vingine. Gazeti moja la Marekani la mwaka 1806 liliieleza kuwa ni pombe kali, sukari, maji na dondoo chungu za mitishamba, na mchanganyiko huo unauzwa hadi leo. Afrika Mashariki tunayo yetu, inaitwa dawa, iliyopata umaarufu katika mgahawa wa Carnivore jijini Nairobi: vodka, ndimu, barafu na asali inayokorogewa kwa kijiti.

Zamani inayoigwa na nyingi ya baa hizi ni Marekani ya mwaka 1920 hadi 1933, pombe ilipopigwa marufuku. Watu walikunywa kwa kujificha. Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi, maana sehemu kubwa ya pombe ile ilikuwa kama gongo: imepikwa gizani, hakuna aliyeipima. Juisi na sukari vilisaidia kuficha ladha mbaya. Sumu ilibaki humohumo, na wako waliopofuka na waliokufa.

Sumu hiyo, methanoli, huwezi kuitambua kwa kunusa wala kuonja, na ndimu, asali au soda haviiondoi. Kwa hiyo gongo iliyotiwa juisi ni gongo ileile.

Hata pombe halali, utamu hudanganya. Mililita 50 za pombe kali ya asilimia 40 zina kilevi sawa na bia ya mililita 500 yenye asilimia 4, na glasi moja ya kokteli inaweza kuwa na vipimo viwili au zaidi. Muulize anayechanganya ametia vingapi.

Dalili za methanoli huweza kuchelewa saa 12 hadi 24, mtu akidhani ni uchovu wa pombe tu. Akiona ukungu machoni, akitapika, tumbo likimuuma au akipumua kwa kasi, mpelekeni kituo cha afya saa hiyohiyo, na mwelezeni mganga alichokunywa bila kuficha.