Kisii 1914: Usiniambie ni Bunduki tu

Wasee, Vita vya Kwanza vya Dunia vikitajwa, watu huruka moja kwa moja hadi Taita au Rufiji. Ni kama huku kwetu ziwani hakukulia hata risasi moja. Lakini Septemba 11, 1914, kikosi cha Wajerumani kiliingia mji wa Kisii. Kesho yake KAR, waliovuka kwa meli kutoka Kisumu, wakapanda milima kuwakabili.

Sasa sikia sayansi yake. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni chini ya ile ya Mombasa kwa kama asilimia 12. Kisii, karibu mita 1,700, inapungua kama asilimia 18. Hewa ikiwa nyepesi, risasi haizuiwi sana, kwa hivyo haipotezi kasi haraka. Bunduki iliyopimwa Ulaya, karibu na usawa wa bahari, ukilenga nayo Kisii shabaha iliyo mita 1,000, risasi itapita juu yake. Kwa mita 200 je? Tofauti ni kiduchu, hata huioni.

Ndiyo maana nakataa hadithi kwamba silaha za kizungu zilikuwa uchawi. Mwaka huo kampuni nyingi za askari wa Wajerumani bado zilibeba Mauser ya 1871, ya baruti yenye moshi. Ukipiga mara moja, wingu jeupe linakuchoma kwa adui. Siku hiyo KAR walimpoteza kamanda wao, Kapteni Thornycroft, na Wajerumani wakarudi kusini mpakani.

Waliolipa ni Wagusii. Tayari walikuwa na kidonda cha 1908, Otenyo alipomchoma mkuki Northcote, ofisa wa wilaya, na serikali ikawaadhibu vikali. Mji ulipobaki bila mwenyewe 1914, wenyeji wakavamia ofisi, maduka na misheni. Waingereza waliporudi, wakachoma nyumba na kuchukua mifugo.

Hapo hakuna hesabu ya mita 1,000. Nyumba huchomwa kwa kiberiti, na ng'ombe huswagwa kwa fimbo. Mimi naona tunasoma vita hivi vibaya tukihesabu bunduki tu. Nyumbani kama kuna mzee wa Kisii, muulize boma lao lilibaki na ng'ombe wangapi.