Zege Jepesi Si Mambo ya Juzi

Nairobi inajengwa kwa uzito wa mahali pengine. Kokoto inatoka kwenye machimbo, mchanga unazolewa mitoni, halafu malori yanabeba. Huku kwetu Ngoliba, Mto Athi ukiwa karibu, hii si hadithi ya mbali.

Kwani mchanga una shida gani? Katika mito ya ukambani, mchanga ndio tangi la maji. Mvua ikiisha, maji hubaki chini yake na watu huchimba kisima kifupi tu wakateka. Ukiuzoa wote, umebeba pia kisima cha mtu. Ndiyo maana Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015.

Watu husema dawa ni zege jepesi, wakidhani ni uvumbuzi wa juzi. Si hivyo. Karibu mwaka 126, Waroma walimaliza jengo la Pantheon. Kuba lake lina upana wa mita 43, na halina nondo hata moja. Chini waliweka mawe mazito, na juu kabisa wakachanganya jiwe la volkano lenye matundu, kama lile la kusugulia miguu. Na hatuhitaji kwenda hadi Roma. Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu ulipopanuliwa karne ya 14, mafundi walijenga matao na makuba kwa vipande vya matumbawe na chokaa. Tumbawe lina matundu pia. Waswahili walitumia kilichokuwa mlangoni kwao.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Zege jepesi linaweza kushuka hadi 1,800. Slabu ya chumba cha mita 4 kwa 4, unene sentimita 15, hupungua kutoka karibu tani 5.8 hadi 4.3. Hiyo tani moja na nusu ni mzigo ambao nguzo na msingi hazitaubeba.

Lakini tusidanganyane. Jiwe lenye matundu hunywa maji, kwa hivyo fundi hulilowesha kwanza. Mara nyingi nguvu hupungua, kwa hivyo si kila nguzo ya ghorofa itafaa. Na hata tumbawe lilitolewa baharini. Jiwe la volkano la Longonot nalo likichimbwa bila mpango, tutakuwa tumehamisha shimo tu.

Kwangu mimi, njia ya maana ni kuanza na kilichokwisha kuchimbwa: matofali yaliyovunjika, kuta zilizobomolewa, vyote vikisagwa. Si vyepesi kama jiwe la volkano, lakini haviombi shimo jipya. Kijana wa mjengo anayepima zege kwa karai anaweza kuuliza swali ambalo fundi wa Kilwa alilijua bila shule: hii kitu imetoka wapi, na huko kumebaki nini?